Mama Ploti na Maji ya Kutema

Miaka niliyokaa kwenye ile ploti nyuma ya reli ya zamani pale Voi, nilikuwa nakatwa pesa na wawili: benki, na mwenye ploti. Huyu wa pili ndiye alinifundisha kumdai wa kwanza. Sasa mtu wa aina hiyo utamweka wapi? Mpaka leo sijui kama nampenda. Najua tu kwamba nikisikia mtu akisema "hiyo ni ada ya kawaida", natamani kikombe cha maji, na hilo nimelitoa kwake.

Mbele yake tulimwita Mama. Akishapita tuliongeza Ploti. Alikuwa Mtaita wa milimani, mjane, mnene wa mabega na mwembamba wa miguu, na alitembea polepole kama mtu aliyebeba sinia ya chai. Vyumba vyake vilikuwa safu mbili zinazotazamana, katikati uwanja wa saruji, na mwisho wa uwanja tangi la maji lenye kufuli. Ufunguo wa hiyo kufuli aliuvaa shingoni kwenye uzi mmoja na msalaba wake. Akiinama, ufunguo na msalaba vinagongana, na sisi wapangaji tulijua kutofautisha mlio huo na milio mingine yote. Mtu akiusikia anatoka mbio na mtungi. Voi maji yakikatika hayaulizi wewe ni nani.

Kila kitu kwake kilikuwa na bei. Mtungi wa maji, bei yake. Taa ya uwanjani, tunachangia. Kufagia uwanja, tunachangia, hata kama umefagia mwenyewe. Mgeni akizidisha wikendi, anahesabiwa kama mpangaji wa maji. Kupiga pasi kulikatazwa kabisa. Alikuwa na pua. Ungeweza kufunga mlango na dirisha, ukaweka nguo ya mtoto juu ya meza, na kabla hujamaliza kola unasikia sauti nje, ya taratibu kabisa: "Nani ananipikia stima?"

Na hakuwahi kupandisha sauti. Hilo ndilo lililokuwa linanimaliza. Mimi nikikasirika mtaa mzima unajua. Yeye alikaa mlangoni pake na ungo wa maharagwe akichagua mawe, akakutoza, asikutazame.

Ukimletea malalamiko, kwamba choo kimeziba au bati linavuja, jibu lake lilikuwa neno moja: "Andika." Mwanzoni nilidhani ni dharau. Nilimwambia, Mama, si nimekwambia kwa mdomo, na choo chenyewe kiko hapo unakinusa. Akaendelea na maharagwe. Mpangaji mmoja, fundi wa reli, ndiye alinieleza: ukiandika, anasaini kwamba amepokea, na akishasaini lazima ajibu. Usipoandika, hajasikia. Nikaandika kwenye karatasi ya daftari, akasaini, na siku iliyofuata fundi wa choo alikuja. Baadaye nikaona ameweka mchango wa fundi kwenye kodi yangu. Lakini choo kilizibuka.

Wakati huo nilikuwa nafua mashuka ya hoteli moja ya watalii, upande wa kwenda getini kwa mbuga. Mshahara ulipitia benki. Si kwa kupenda, mwajiri ndivyo alivyotaka. Nikachukua mkopo mdogo hapo hapo benki, ninunue friji niuze maziwa ya mgando na barafu, maana joto la Voi halina likizo. Nililipa vizuri mpaka nikapata mimba ya Sharon. Nilipokuwa likizo ya uzazi mshahara ulichelewa, si mimi niliyechelewa, na benki ikanitoza faini. Ile faini ikala kipande cha marejesho ya mwezi. Kwa hiyo marejesho yakaonekana pungufu. Kwa hiyo wakanitoza faini ya pungufu. Mwezi uliofuata ikawa vile vile. Mkopo wenyewe niliumaliza, nikanunua soda ya kujipongeza. Faini ndizo hazikuisha. Zilikuwa zinazaana zenyewe mle ndani, na miaka ikapita kila mshahara wangu ukiingia unafika umeshaumwa.

Sharon alikuwa amefikia kuanza shule. Nilikuwa nimemchagulia moja yenye geti la bluu, darasa dogo, mwalimu anayeinama akiongea na mtoto. Nilimpeleka tukaona geti. Usimwonyeshe mtoto geti kabla hujapata pesa.

Nilienda benki na hasira yangu yote. Sharon mkononi, mimi juu ya kaunta. Niliwaita wezi. Yule msichana wa kaunta tulisoma naye sekondari, alitazama vidole vyake tu. Soja akanishika kiwiko kwa adabu nyingi, adabu ile ya kukutoa nje. Meneja hakutoka hata kuchungulia. Nilirudi kwenye ploti nikaanza kufua nguo ambazo hazikuwa chafu, na Mama Ploti akaja kudai pesa ya maji. Nikamwambia sina. Nikamwambia nani amekula, na vile nilivyowafanyia.

"Ulipiga kelele?"

"Nilipiga."

"Walikupa karatasi ya kuonyesha ulifika?"

"Watanipaje karatasi na wananitoa nje?"

"Basi hujafika," akasema, na akaniandikia deni la maji.

Ningemrushia beseni. Lakini alivuta kigoda, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale akanieleza jambo lake mwenyewe. Mumewe alipofariki, benki iliendelea kumkata marehemu ada za akaunti, mwezi baada ya mwezi, na hati za kufungua mirathi bado zinazunguka. Yeye alianza vibaya kuliko mimi. Kwa sababu meneja wa wakati ule alikuwa anaimba kwaya kanisani kwao, Mama Ploti alimshtaki kwa kasisi. Alingoja kikao cha wazee wa kanisa kimkemee meneja, na wazee wakapanga maombi. Waliomba, na benki ikaendelea kukata. "Nikaona hawa ni watu wa karatasi," akaniambia. "Ukiwapelekea machozi, hawana pa kuyaweka." Akaandika, akazungushwa, akaandika tena, na mwishowe zikarudi. Hapo ndipo neno lake la "andika" lilipotoka, na sisi wapangaji tulikuwa tunadhani ni kiburi.

Alinifundisha barua. Ya kwanza niliandika vile tulivyofundishwa shule, kwa heshima na taadhima, natumai u buheri wa afya. Aliisoma akaiweka chini.

"Unamposa?"

Tukaanza upya. Walichokata. Mwezi gani. Kwa nini si haki. Unataka nini, na unataka lini. Basi. Nakala mbili, moja yao, moja yako, na yako isitoke pale bila muhuri. Kila mahali nilipokuwa nimeandika kwamba ni wanyama, alipiga mstari.

Asubuhi ya kupeleka ile barua aliniita kwenye tangi. Akafungua kufuli, akachota kikombe cha bati, akanipa.

"Jaza mdomo. Usimeze."

Mimi baba yangu ni mtu wa Bungoma, alikuja Voi na kazi ya reli akabaki. Mambo ya Wataita nayajua ya sokoni na ya mazishi. Nilimwambia, Mama, mimi ni mtu wa kanisa.

"Hata mimi ni wa kanisa. Nani amekwambia Mungu anataka moyo uliojaa?"

Wenyewe wanasema kutasa. Wazee wao walifanya kwa pombe ya miwa: mtu mwenye kinyongo anajaza mdomo, anaipuliza nje pamoja na maneno, na ile hasira inatoka kabla haijaangukia mtu. Maana kwao hasira haikai tu pale ulipoiweka. Inatoka kivyake, inaenda kumpata ng'ombe, au mtoto. Mama Ploti alikuwa ameokoka, kwa hiyo alitumia maji ya tangi. Kuna akina mama wa kanisani kwake waliolijua hilo na hawakulipenda. Yeye hakubishana nao. Aliendelea kuketi karibu nao na kuimba sauti ya pili.

Nilijaza mdomo. Akasema maneno ya Kidawida, lugha yao, ambayo sikuyafuata yote, nikasikia jina la Sharon, nikasikia neno benki. Kisha: "Tema. Upande wa barabara, usinilowanishie nguo za watu." Nikatema. Nilijisikia mjinga. Nikamuuliza sasa hiyo inasaidia nini.

"Ukienda na hasira kaunta," akasema, "wataihudumia hasira. Wewe watakuacha kwenye laini."

Mwisho wa mwezi nilikuta kikombe kimoja cha maji kwenye hesabu yangu. Nilidhani anatania. Nikamwendea.

"Mama, hata yale ya kutema?"

"Kwani yalikuwa maziwa?"

Huyo ndiye mtu ninayejaribu kuwaeleza. Nikisema alikuwa bahili, nakumbuka uji. Kila asubuhi niliyoenda kazini alimnywesha Sharon uji wa wimbi, miaka yote hiyo, na sikuwahi kuona uji kwenye hesabu. Alimpa na jina, Mghoi, bila kuniuliza, na mtoto akaitika. Nikisema alikuwa na huruma, nakumbuka mama mmoja aliyejifungua chumba cha mwisho, damu haijakauka vizuri, na Mama Ploti akampelekea supu ya kuku kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili karatasi ya maji ya kufulia nepi. Huwezi kumkamata. Ukimshika upande huu anakutokea ule.

Siku ya muhuri alikuja nami. Msichana wa kaunta akasema hawapigi muhuri barua za wateja, ni utaratibu. Mama Ploti alienda kwenye kochi la wageni, pale penye upepo wa mashine, akatoa ungo kikapuni, akamwaga maharagwe, akaanza kuchagua. Wateja wanaingia wanamwona. Wengine wanamsalimia, "Kwawuka mana, Mama," yeye anaitika kama yuko kwake. Soja alivumilia mpaka akashindwa.

"Mama, hapa si jikoni."

"Najua. Jikoni ningekuwa nimeshapewa chai."

Muhuri ulipigwa kabla maharagwe hayajaisha. Nilitaka tuondoke haraka kabla hawajabadilisha mawazo. Akakataa kunyanyuka mpaka amalize ungo.

Msidhani alijua kila kitu. Alikosea mengi. Aliniambia korti ina baridi, nikavaa sweta Voi mchana, nikaloa jasho mbele ya karani. Alinilazimisha kubeba cheti cha ubatizo. Na jina la mahakama yenyewe lilimuudhi tangu siku tulipoambiwa tunaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. "Madogo kwa nani?" alikuwa anauliza kila mtu, hata mwuza nyanya. "Kwa nani?"

Kufika huko kulinichosha kuliko kufua. Benki ilijibu barua kwa barua, kwamba ada zilitozwa kulingana na masharti niliyotia sahihi. Tukaandika kwa ofisi ya Nairobi inayosimamia mabenki, ikatujibu kwamba imepokea. Benki ikaandika tena kwamba inasikitika kwa usumbufu. Kila mara natakiwa niombe ruhusa kazini, na kila ruhusa inakatwa mshahara, na mshahara wenyewe ukifika unakatwa tena na wale wale. Fikirieni hiyo hesabu. Kuna wiki nilikuwa nalala nikiwa nimekaa. Kila mara Mama Ploti anafungua tangi, ananipa kikombe, natema, naenda. Sikuwa naamini. Nilikuwa nimechoka kubishana naye.

Fomu ya madai niliijaza saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kijana wa pale ananisomea, mimi namjibu. Sikuhitaji wakili, wenyewe wanakwambia hivyo, unaongea mwenyewe na mwamuzi. Benki ilileta wakili. Kijana tu, viatu vinang'aa, alikuja na treni kutoka Mombasa. Kabla hatujaitwa ndani alinijia kwenye benchi la nje, akachutama mbele yangu vizuri kabisa. Akasema mteja wake yuko tayari kunirudishia nusu, leo leo, tusisumbuane, tumalize kiungwana.

Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshakubali kichwani. Sharon alikuwa na homa, amelala miguuni pangu. Nusu ingelipa muhula wa kwanza wa geti la bluu. Nilimgeukia Mama Ploti ili anione nikikubali, sikutaka ushauri wake. Hakunitazama. Alimtazama yule kijana.

"Baba," akasema, "kama mlikata kwa haki, msimrudishie hata shilingi. Kama mlikata vibaya, ile nusu mnayobaki nayo mnaiita nini?"

Kijana akasimama akajipangusa magoti. Tukaitwa.

Ndani hakukuwa na maajabu. Mwamuzi alikuwa dada wa miwani, meza ya kawaida, feni inalia. Nilisema yangu, kwa sauti ya kawaida, na nilishangaa kusikia sauti hiyo ni yangu. Wakili akasoma masharti. Mwamuzi akamwacha amalize, kisha akamwuliza swali moja: faini ya kwanza ameielewa, ni ya kuchelewa, ingawa hata hiyo ataizungumzia, sasa hii ya pili, na zote zilizofuata, mteja alifanya kosa gani jipya? Wakili akafunua karatasi. Akafunua tena. Akasema ni mfumo, mheshimiwa, mfumo unakata wenyewe.

"Mfumo haukumkopesha," mwamuzi akasema. "Mteja wako ndiye alimkopesha. Nionyeshe kosa."

Siku ya uamuzi tuliambiwa faini zote zirudishwe.

Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Nilisikia usingizi. Tulitoka nje, jua limekaza, na Mama Ploti akaniuliza kama nina nauli ya boda ya kumrudisha, maana yeye ametumia yake kunisindikiza. Nilimlipia. Pesa zenyewe benki ilizishikilia mpaka nilipoandika tena, muhuri tena, ungo tena. Zilipoingia, muhula ulikuwa umeshaanza na nafasi ya geti la bluu imechukuliwa. Sharon alienda shule ile ya nyuma ya soko, watoto wamebanana kwenye dawati kama viazi. Anasoma, hana shida. Lakini tunapita pale getini tukienda kliniki, na yeye hasahau.

Pesa hizo ndizo zilinitoa kwenye ploti. Nilipata nyumba ya vyumba viwili upande wa juu wa mji, yenye bomba lake. Nilimpa Mama Ploti taarifa kwa maandishi, akasaini. Siku ya kuhama niliomba dipositi yangu, ile pesa niliyoweka nilipoingia. Akanipa bahasha. Ndani ilikuwa imebaki kidogo tu na karatasi: rangi ya ukuta, koki ya bomba, kufagia chumba baada ya mpangaji kuondoka, na usumbufu wa kutafuta mpangaji mwingine.

Usumbufu. Neno lile lile la benki.

Sikukumbuka maji wala kutema. Nilimwambia mbele ya ploti nzima kwamba yeye na benki ni mama na mtoto, tofauti ni kwamba benki haijifanyi inaomba Mungu. Nilimwambia benki nimeimaliza, nimebaki naye yeye tu. Alichagua maharagwe. Nilipomaliza, akasema neno lake.

"Andika."

Niliandika. Niliandika vizuri kuliko nilivyoiandikia benki, nikaiingiza chini ya mlango wake. Sikujibiwa. Niliambiwa alikuwa akisema sokoni kwamba amenipa meno na mimi nimeanza kuyajaribia kwake. Na mimi nikasema yangu sokoni. Tukipishana barabarani, yeye na kikapu, mimi na mtoto, Sharon anapunga mkono na sisi wawili tunatazama magari. Miezi ikawa mingi. Nikaenda saiba, nikajaza fomu ya madai kwa jina lake kamili, ambalo sikuwa nalijua mpaka siku hiyo. Nikaiweka kwenye mkoba. Nilikuwa na haki, na mpaka sasa nasema nilikuwa na haki. Mtu aliyenifundisha kwamba nusu ya wizi ni wizi, ananikata usumbufu?

Halafu nikakutana na yule fundi wa reli. Akaniambia Mama Ploti amepigwa na ugonjwa wa kupooza, upande wa kulia, na mke wa mwanawe amemchukua nyumbani kwao Werugha, huko milimani. Ploti sasa inasimamiwa na ajenti, na ajenti hana hata maharagwe.

Nilipanda Werugha Jumamosi na Sharon. Sitasema nilienda kumwona mgonjwa. Mkoba ulikuwa na fomu, na nakala mbili za barua. Nilichukua pia kilo mbili za sukari, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama unaenda kumshtaki.

Huko juu ni nchi nyingine. Ukungu, udongo mweusi, kabichi zimepangwa kwenye matuta mpaka chini bondeni, na maji yanapita kwenye mfereji kando ya nyumba bila mtu kuyalinda. Walikuwa wamemweka kwenye kiti nje, blanketi miguuni. Amekonda. Mdomo umevutwa upande. Shingoni msalaba upo. Ufunguo haupo, na ndicho kitu cha kwanza nilichoona.

"Mghoi," alimwambia Sharon, neno likitoka limelegea, na mtoto akaenda moja kwa moja akamkalia mapajani juu ya blanketi, kama vile tulikuwa tumetoka sokoni. Mke wa mwanawe, dada mpole aliyechoka kama mimi, akachukua sukari akaenda kuweka chai.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Badala yake nilifanya alichonifundisha, nikampa barua. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaisogeza mbali na macho, akasoma pole pole. Nilisikia mfereji. Alipomaliza akaniangalia usoni, jambo ambalo sikumbuki akilifanya siku zile.

"Tarehe," akasema. "Hujaweka."

Nilitazama. Kweli, sikuwa nimeweka. Nikaichukua nikaiandika juu ya goti langu, kwenye nakala zote mbili, kwa aibu na kwa hasira pia. Nilipomrudishia akaomba kalamu. Akasaini kwa kushoto, mistari inayumba, kwamba amepokea.

Kisha akaanza kujibu, maana ndiyo sheria yake: akishasaini, lazima ajibu. Ilichukua muda, kila neno analitafuta. Koki, akasema, atarudisha, ilikuwa mbovu kabla yangu. Kufagia, atarudisha, nilifagia mwenyewe, aliona. Usumbufu, akaupitia tena kwenye barua kwa kidole. Usumbufu atarudisha.

"Rangi hapana."

"Mama, rangi ni nyingi kuliko hizo zingine zote."

Akaweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha Sharon. "Huyu alichora ukuta. Treni. Mlango mpaka dirisha. Nenda uangalie."

Sikuhitaji kwenda. Niliikumbuka hiyo treni, na mabehewa yake, na mkaa wa jikoni aliochorea. Nilikuwa nimeificha kwa kabati.

Akamwita mke wa mwanawe, akamwambia alete kibeti. Pesa zikatolewa pale pale, mbele yangu, bila ya rangi. Niliziweka kwenye mkoba juu ya ile fomu. Nikajua siendi nayo kortini, na bado nilikuwa na moto hapa kifuani, kwa ajili ya rangi, kwa ajili ya geti la bluu, kwa ajili ya kila asubuhi niliyoenda kuongea kwa upole na watu walionila. Nadhani ilionekana.

"Umetema?" akaniuliza.

"Sijatema."

Akaomba maji. Mke wa mwanawe akachota mferejini kwa kikombe, nikaona anageuza uso kidogo, pengine naye ni mmoja wa wale wa kanisa wasiopenda. Mama Ploti alijaza mdomo, akajaribu, na yale maji hayakuruka. Yalitoka pembeni, upande ule uliolegea, yakateremka kidevuni mpaka kwenye msalaba. Nilimfuta kwa leso yangu. Akasukuma mkono wangu, akanielekezea kikombe.

Nikajaza mdomo. Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yaliuma. Akasema maneno yake, safari hii yamelegea kiasi kwamba hata Mtaita mwenzake angehitaji kuinama. Akamaliza. Nikabaki nimesimama pale, mashavu yamejaa, Sharon ananitazama, siwezi kumeza na sitaki kutoa. Kama nikitoa, nani atabaki kuikumbuka hiyo hasira?

"Tema, Mama Sharon," akasema. "Ya huku hayalipiwi."

Nikacheka, na ukicheka na maji mdomoni huchagui tena. Yaliruka juu ya kabichi zao, na mengine viatuni kwangu. Sitawadanganya kwamba hasira yote ilitoka. Ilitoka ya kutosha kunifikisha Voi.